Uji Niliowapa Ndama wa Kanyakine

Wenzangu mliobaki kazini mliniomba niandike machache kabla sijasahau. Najua mlitaka yale ya kuchekesha: ng'ombe aliyetafuna kofia ya chifu, au siku nilipotumbukia na pikipiki kwenye shimo la samadi nikiwa nimevalia kwenda harusini. Hayo nitawasimulia tukikutana. Hapa naandika lile ambalo sikulisema miaka yote tuliyokunywa chai pamoja, na kwa kuwa halieleweki likianzia katikati, itabidi mnivumilie nianze mbali.

Nilianza kazi Runyenjes, nina cheti kipya cha ufugaji na buti za mpira zilizonizidi namba mbili. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Ya pili ilikuwa ya Mzee Njiru, msaidizi wa mifugo, ambaye kwenye karatasi alikuwa chini yangu na kwenye kila kitu kingine alikuwa juu. Siku ile ya kwanza hakuniuliza nilisomea wapi. Alinitazama mikono, akasema, "Kata hizo kucha, twende. Kuna ng'ombe anazaa kwa Mwalimu."

Tulikuta ndama ameshaanguka kwenye nyasi, amelowa, anatikisa masikio. Nikafungua daftari niandike rangi na jinsia. Njiru aliichukua kalamu mkononi mwangu na kuitia mfukoni mwake.

"Amenyonya?" akauliza.

"Bado," mwenye boma akajibu. "Tunangoja kondo itoke kwanza. Na hii maziwa ya kwanza si tunamwaga? Ona vile iko manjano. Ni uchafu."

Nilidhani Njiru atamfokea. Hakufoka. Alichuchumaa, akakamua kidogo ile dang'a nzito ndani ya kikombe, akaonja, kisha akampa mwenye boma naye aonje. Walipokwisha kuonja wote wawili, akamsogeza ndama kwenye chuchu na kumtekenya mkiani mpaka akashika.

"Huyu amekuja duniani bila kinga," akamwambia Mwalimu. "Kinga yake yote iko kwa hii manjano, na tumbo lake linaipitisha leo tu. Kesho limefunga. Ukimwaga, umemwaga ndama."

Njiani tukirudi alinifafanulia yaliyobaki, kwa sababu mimi nilikuwa nimesoma vimeng'enya chuoni nikafaulu mtihani bila kuvielewa. Alisema ndama mchanga ni kama fundi aliyekuja kazini na nyundo peke yake. Mpe msumari, ataupiga. Mpe skrubu, atakutazama. Tumbo lake la nne lina kimeng'enya cha kugandisha maziwa yawe kama jibini, ili yakae na kusagwa polepole. Utumbo wake una kingine cha kuvunja sukari ya maziwa. Basi, hivyo ndivyo vyombo vyake. Vile vya kuvunja wanga wa nafaka na vya kumaliza kazi ya maharage na soya huja baadaye, wiki baada ya wiki. "Usimpe kazi ambayo hajaletewa vyombo vyake," alisema. Nilirudishiwa kalamu yangu, nikayaandika yote. Kuandika ndiko kulikonidanganya kwamba nimejifunza.

Kwa Njiru nilijifunza kufunga kipimajoto kwa uzi na kibanio cha nguo, kibanio kikashika mkia wa ng'ombe, ili kipimajoto kisipotelee mahali ambapo hakuna mtu angependa kukitafuta. Nilijifunza kusikiliza tumbo kabla ya kumsikiliza mwenye ng'ombe. Lakini alivyoonja ile dang'a mbele ya Mwalimu badala ya kumwaibisha, hilo nililiona tu. Sikulijifunza.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kanyakine. Mimi ni Mwembu, na Kimeru changu cha siku zile kiliwachekesha hata watoto, kwa hiyo mikutano niliendesha kwa Kiswahili, mtu akitafsiri kwa wazee. Kazi yangu kubwa ilikuwa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Walikuwa wamepata mitamba wa maziwa wa kuanzia, na mpango wao ulikuwa mzuri: kila aliyepewa ng'ombe atamlea, na ndama jike wa kwanza atampitishia mwenzake anayengoja. Mwenyekiti wao aliitwa Kagendo, mama mrefu aliyekuwa ameolewa pale, mwenye boma lililofagiliwa hata nyuma ya choo. Yeye ndiye aliyekuwa akinirudisha kwenye jambo nikitangatanga. "Daktari, hiyo umesema jana," angesema. Wananiita Daktari wote, ingawa sikuwahi kuwa daktari. Sikuwahi kuwasahihisha pia.

Wakati huo tuliitwa semina Embu, maafisa wa mifugo wa sehemu nyingi. Mwalimu mmojawapo alikuwa mgeni kutoka nchi ambako wanakamua nyati. Darasa zima lilicheka. Kwetu nyati ni yule anayetoka msituni na kumpandisha mtu juu ya mti, si mnyama wa kupelekewa ndoo. Mgeni alingoja tumalize, akaendelea kwa upole. Alianza na kiwele, jinsi vimeng'enya vyake vinavyounda sukari ya maziwa kutokana na sukari ya damu. Halafu akaja kwa ndama wa nyati na namna ya kumlisha ili maziwa mengi yabaki kwa watu.

Hapo simu yangu ililia. Ilikuwa dereva aliyebeba friji yangu mpya, anataka kujua ageukie wapi. Nilitoka nje, nikamwelekeza kwa kona na vituo vya mafuta, nikachelewa. Niliporudi, kwenye ubao kulikuwa na mchanganyiko: unga wa soya, unga wa ngano, mafuta kidogo, maziwa kidogo, maji ya vuguvugu. Niliunakili wote kwa mwandiko safi. Sikumuuliza aliyekaa kando yangu nilikosa nini. Niliona haya kuuliza, maana nilikuwa nimetoka kwa ajili ya friji.

Nilifika Kanyakine na ule uji kama mtu aliyeleta injili. Nyinyi mnajua shida yenyewe: maziwa anayokunywa ndama ni maziwa yasiyofika kwa ushirika, na mama mwenye watoto shuleni huanza kumtazama ndama kwa jicho baya. Niliwaambia wampe dang'a siku tatu, kisha siku ya nne waanze uji. Nani alisema siku ya nne? Mimi. Kwenye daftari hakukuwa na umri, na ukurasa mtupu hujazwa na mwenye kalamu.

Kagendo alinyoosha mkono. "Daktari, siku ya nne si bado ni mtoto sana?"

"Ni utaalamu wa kisasa, mama," nikamjibu. "Hata nyati wanalishwa hivyo."

Walicheka, akakaa. Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachoniuma. Akina mama wengine walinisikiliza, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani na kufanya nusu. Walikoroga uji, lakini kisirisiri wakamwachia ndama chuchu moja. Ndama wao walikonda, wakaharisha, wakapona. Kagendo hakufanya nusu. Alipima kwa kikombe, akapasha maji, akaandika saa kwenye kalenda ya ukutani. Ndama wake wa kwanza, dume la ng'ombe wake mwenyewe, aliharisha siku ya sita akafa siku ya kumi. Alinipigia simu, nikamwambia apashe maji zaidi. Mwezi haukuisha, ng'ombe wa kikundi aliyekuwa akimlea akazaa jike, yule aliyekuwa akingojwa na mwenzake. Naye alikufa vivyo hivyo, tumbo limejaa maji na unga ambao haukusagika, macho yamezama.

Nilienda kesho yake, na kwa kuwa ndama alikuwa wa kikundi, kikundi kizima kilikuwepo. Kagendo alisimama kando ya zizi, leso ameikunja mkononi.

"Uji nimempa vile ulisema," akaniambia. "Tangu siku ya nne. Sijaruka hata mara moja."

Niliitazama ile kalenda, nikaona haikuwa na kosa. Ndipo nikaogopa. Kama yeye hakukosea, ni nani aliyekosea? Chini ya kalenda kulikuwa na ndoo, na kwenye ukingo wa ndoo kulikuwa na utando wa uji uliokauka, kama utakavyouona kwenye ndoo yoyote iliyotumika asubuhi. Niliiinua watu waione.

"Hii umeiosha lini?"

"Asubuhi, Daktari. Kabla ya kumpa."

"Na hiki ni nini?" Nilikwangua kwa ukucha. "Akina mama, ndama hawafi kwa chakula. Ndama hufa kwa uchafu."

Aliyekuwa akitafsiri alitafsiri, na ilimchukua maneno mengi kuliko yangu. Niliona macho ya wanawake kumi na mmoja yakitoka kwenye ndoo, yakaenda kwenye mlango wa jikoni kwake, yakaenda kwenye nguo za watoto zilizoanikwa. Mimi pia ni mwanamke, nimeolewa, nimekaa kwenye boma la watu. Nilijua vizuri nilichokuwa nimemfanyia, na niliendelea na mafunzo ya kuosha ndoo kwa karibu nusu saa.

Wiki iliyofuata walimwondoa kwenye uenyekiti. Wakasema pia ng'ombe wa kikundi hawezi kubaki kwa mtu anayeua ndama, wakampa mwanakikundi mwingine. Nilikuwepo, kwa sababu uhamisho ulihitaji sahihi yangu. Kagendo alimfungua ng'ombe mwenyewe. Alimfuta tope kwenye ubavu kwanza kwa kiganja, ndipo akampa mwenzake kamba.

Haikupita muda, Ireri, mwenzangu wa Embu tuliyekuwa naye kwenye semina, alinipigia kuhusu chanjo. Tulipokuwa tunaagana akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Na ule uji wa soya, huko kwenu mnawaanzisha wakiwa na wiki sita ama mnangoja nane?"

Nilisema wiki sita. Hata yeye nilimdanganya.

Jumamosi nilikwenda Runyenjes kwa Mzee Njiru. Alikuwa ameshastaafu, anafuga sungura na kulalamikia bei ya chakula chao. Nilimweleza kila kitu. Alienda kwa mchinjaji, akarudi na kipande cha tumbo la nne la ndama dume mchanga, akakiloweka kwenye maji yenye chumvi kidogo. Baadaye akaweka bilauri mbili mezani. Moja akatia maziwa ya vuguvugu, nyingine uji niliokoroga mimi kwa mkono wangu. Akatia vijiko viwili vya yale maji katika kila moja. Tulikunywa chai. Kabla hatujamaliza vikombe, maziwa yalikuwa yameganda yakatetemeka kama maini. Uji ulikuwa vilevile, unga umetuama chini, maji juu.

"Umemwambia yule mama?" Njiru akauliza.

"Bado. Nilitaka kwanza kuhakikisha."

"Umehakikisha." Alimwaga bilauri zote mbili nje, akaziosha, akazifunika. "Sasa kwangu unangoja nini?"

Niliondoka. Nilipofika njia panda ya kwenda kwa Kagendo sikukata kona. Nilijiambia nitaenda Jumatatu. Jumatatu niliandika barua kwa vikundi vyote: mwongozo wa kulisha ndama umerekebishwa, maziwa yaendelee mpaka wiki ya nane, uji uanzishwe kidogo kidogo baada ya hapo. Mtaona jinsi barua za ofisi zilivyo na huruma kwa mwandishi wake. Mwongozo umerekebishwa, hakuna aliyeurekebisha, na hakuna aliyeukosea. Ndama wa Kanyakine walianza kunenepa, na watu wakasema ni kwa sababu siku hizi wanaosha ndoo.

Kisha nikaletwa Meru mjini, kwenye ofisi ile ya upande wa Kinoru mnayoijua, na hapo ndipo mlinikuta. Mlinikuta nikiitwa bingwa wa ndama. Kila mlipopata ndama anayeharisha mlisema, "Muulizeni Daktari." Nami niliwafundisha vizuri, kwa sababu sasa nilikuwa ninajua. Hakuna kati yenu aliyeuliza nilijulia wapi.

Mara moja nilikutana na Kagendo sokoni Nkubu, ana kikapu cha ndizi. Nilitaka kujificha nyuma ya mitumba, akawa ameshaniona.

"Muga, Daktari," akanisalimu, akatabasamu. "Ile maneno yako sijasahau. Hata vyombo vya chai, siku hizi naosha mara tatu."

Hakuwa ananisuta. Ningejua. Alikuwa ananishukuru. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwenye vifundo vya vidole, kama ya mtu anayeloweka mikono kwenye sabuni mchana kutwa. Nikamwambia, "Vizuri sana, mama," nikanunua ndizi nisizozihitaji.

Miaka kumi na mmoja ilipita tangu ile ndoo. Wiki yangu ya mwisho kazini, nyinyi mlipokuwa mnachangia keki ya kuniaga, mimi nilichukua boda boda mpaka kwa Kagendo. Zizi lilikuwa stoo ya kuni. Hakuwa amefuga tena. Alinipa kiti, akaenda kuosha kikombe, na nilimsikia akikiosha, akikisuuza, akikiosha tena, mpaka nikasimama nikamfuata huko huko.

"Mama, acha hicho kikombe," nikasema. "Ndoo yako haikuwa chafu. Ni uji ulioua ndama. Uji wangu. Walikuwa wachanga, hawakuwa na uwezo wa kuusaga. Nilikosea umri, kisha nikakusingizia wewe."

Alikiweka kikombe chini. Kisha akasema, "Uliniambia mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Basi hii pia useme mbele ya watu. Alhamisi wanakutana kanisani. Mimi siendagi, lakini hiyo nitaenda."

Alhamisi nilisimama mbele ya akina mama saba waliobaki kwenye kikundi. Nilisema kwa Kimeru changu kibovu, bila mtafsiri, ili neno lisiongezwe wala lisipunguzwe. Nilisema habari ya semina, simu, friji, siku ya nne niliyoibuni, na ndoo. Hakuna aliyecheka Kimeru changu. Aliyechukua ule uenyekiti, mama wa makamo ambaye wakati ule alikuwa wa kwanza kutazama jikoni kwa mwenzake, alianza kufuta macho.

Kagendo alikuwa ameketi benchi la nyuma. "Na ulijua lini?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Ningeweza kusema juzi. Wangeniamini.

"Mwaka ule ule," nikasema. "Kabla mahindi hayajavunwa."

Benchi moja lililia mtu akigeuka. Mwenyekiti akasimama haraka, akasema tuinamishe vichwa tuombe, Mungu ni wa msamaha.

"Msiombe bado," Kagendo akasema. Naye akasimama. Hakupaza sauti. "Mama mkwe wangu, tangu siku ile, hakula tena chakula cha mkono wangu. Alipikiwa na mke wa shemeji. Hata alipougua, mimi nikimpelekea maji alikuwa anaangalia kikombe kwanza. Amekufa mwaka wa tatu sasa. Hawa umewaambia. Mimi umeniambia. Yeye utamwambia wapi?"

Jibu la hilo sitawabunia nyinyi hapa. Mwenyekiti alibaki amesimama, mikono ameiweka tayari kwa sala ambayo hakuianza. Baada ya muda akina mama walianza kutoka mmoja mmoja. Wawili walimshika Kagendo mkono wakipita. Mmoja alimkumbatia na kumwambia jambo sikioni, akaitikia kwa kichwa. Kagendo hakunishika mkono mimi, wala sikuunyoosha wangu. Alivuta leso mabegani, akateremka ngazi za kanisa, akashika njia ya kwake bila kugeuka.

Nilirudi mjini, nikakuta mmeshaikata keki.